Istilahi za Mbizi: Zapatikana Wapi, na Zapimwa Wapi?

Tangu mwaka 1974, Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, juhudi kubwa ya kusanifu istilahi imeelekezwa kwenye ofisi, mahakama, shule na viwanda. Bahari haikupewa uzito kama huo. Labda ilidhaniwa kwamba lugha iliyozaliwa pwani haiwezi kupungukiwa na maneno ya bahari. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, kwani maneno mengi yapo. Lakini kuwapo kwa neno hakutoshi ikiwa mfasiri halitafuti, na siku hizi maandishi mengi juu ya bahari yanafasiriwa na watu wanaoangalia lugha ya kigeni kwa jicho moja na kamusi kwa jicho la pili, huku mvuvi amekaa pembeni bila kuulizwa. Makusudi ya makala haya ni kuhakiki mfano mmoja wa maandishi hayo, na kueleza kwa nini tunaona kwamba makosa yake si ya ufasaha tu, bali yanagusa uhai wa watu.

Maandishi yenyewe ni kijitabu cha maelekezo kwa wafanyakazi wa mashua zinazowapeleka wageni kupiga mbizi katika kisiwa cha Mafia. Hatutamtaja aliyekitoa, kwa kuwa mtindo wake wa kufasiri hauko kwake peke yake. Kijitabu kilitufikia huku Mchombe, katika bonde la Kilombero, mikononi mwa kijana wa hapa aliyekwenda kufanya kazi visiwani kwa msimu mmoja, akarudi nyumbani wakati wa kuvuna mpunga. Tulikisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzetu, wanafunzi wachache wa sekondari, na mzee mmoja aliyevua samaki mtoni kwa maisha yake yote. Wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Msomaji aweza kuuliza: Mchombe na bahari wapi na wapi? Jibu la kwanza ni la kijiografia. Mto Kilombero hukutana na Luwegu kuunda Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Rufiji nayo hutoa maji yake baharini kwa matawi ya delta inayoikabili Mafia. Maji yapitayo kando ya mashamba yetu ndiyo yapelekayo tope na rutuba kwenye mlango wa bahari wa kisiwa kile. Jibu la pili ni la kiistilahi, nalo ndilo kiini cha makala haya. Istilahi ya taifa haina budi kupita mitihani miwili: kwanza, iwe imetafutwa kwa watu wanaoishi na kitu chenyewe, pili, iweze kumfikia mtu asiyekiona kitu hicho bila kumpotosha. Kwa istilahi za bahari, mtihani wa kwanza hufanywa Kilindoni na Chole. Wa pili waweza kufanywa Mchombe.

Tuanze na majina ya viumbe. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake zimeorodheshwa aina zaidi ya 400 za samaki. Katika maji ya magharibi mwa kisiwa, mbele ya Kilindoni, huonekana kila mwaka, hasa kati ya Oktoba na Februari, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Ana madoa meupe mgongoni, na chakula chake ni viumbe vidogo sana anavyovichuja majini. Wavuvi wa Mafia humwita potwe. Kijitabu chetu humwita papa nyangumi.

Tulipofika hapo, mwanafunzi mmoja alieleza kwa uhakika kwamba huyo ni papa anayekula nyangumi. Mwalimu mwingine alidhani ni nyangumi mwenye tabia za papa. Hakuna aliyekisia kwamba ni samaki mpole asiye na haja ya kumwuma mtu. Mfasiri alichukua jina la Kiingereza, akafasiri kila nusu yake, kisha akaamini kwamba amefasiri jina zima. Wako watakaosema kwamba potwe ni neno la mahali, na kwamba mtu wa bara halijui. Ni kweli halijui. Lakini papa nyangumi nalo halijui, tena lampa maana isiyokuwapo. Neno geni hufundishwa. Neno la uongo hupotosha, na kulifuta baadaye ni kazi ngumu kuliko kulifundisha la kweli tangu mwanzo. Katika pwani ya Kenya samaki huyu anaitwa pia papa shilingi, kwa sababu ya madoa yake yanayofanana na sarafu. Jina hilo nalo ni zuri, na lafaa liingizwe katika kamusi kama kisawe.

Kosa la namna hiyo limo katika kobe wa baharini. Kobe ni wa nchi kavu, na hapa Mchombe kila mtoto amemwona. Yule wa majini, mwenye mapezi badala ya miguu, ni kasa, na mmoja wa jamii yake, ambaye magamba yake mazuri yalimletea maangamizi kwa kutengenezewa vitana na mapambo, ni ng'amba. Mtu akiandika kobe wa baharini wote hawa huwa kitu kimoja, na ofisa anayetaka kuandika taarifa ya viota vya kasa peke yake hana tena neno la kuwatofautisha.

Haki itendeke hata hivyo: si kila neno lililowashinda wasikilizaji wetu lilikuwa na kosa. Kijitabu kinaonya kwamba mtu asiingize mkono katika tundu la mkunga. Darasa zima lilicheka, kwa kuwa hapa mkunga ni mama anayezalisha. Mfasiri alikuwa sahihi kabisa. Mkunga ni samaki mrefu mfano wa nyoka, mwenye meno makali, anayejificha katika miamba. Vivyo hivyo nguva, ambaye wanafunzi walimjua kwa hadithi tu kama kiumbe nusu mwanamke nusu samaki, hali ni mnyama halisi anyonyeshaye watoto na kulisha majani ya bahari, na sasa amekuwa adimu mno. Katika mifano hii miwili dawa si kulitupa neno, bali ni kuongeza maelezo ya maneno matatu au manne mara ya kwanza linapotajwa. Mtihani wa Mchombe haukuwekwa ili pwani inyang'anywe maneno yake. Umewekwa ili tujue ni wapi maelezo yanahitajika.

Liko hata neno lililostahili sifa. Maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipoteza rangi. Kijitabu kinaita hali hiyo kupauka kwa matumbawe. Wasikilizaji wetu wanaijua ngozi iliyopauka kwa kukosa mafuta, na kanga iliyopauka kwa jua. Wakaelewa mara moja kwamba kitu kilichopauka kimedhoofika lakini hakijafa. Ndivyo ilivyo. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya mawe, kama mchwa wajengavyo kichuguu, na rangi na sehemu kubwa ya chakula chao hutokana na mwani mdogo sana unaoishi ndani yao. Joto likizidi, mwani huo hutoka. Maji yakipoa upesi waweza kurudi. Anayeandika matumbawe yaliyokufa pale ambapo yamepauka tu, anatangaza msiba kabla mgonjwa hajakata roho.

Sasa twaingia katika sehemu iliyotufanya tushike kalamu. Kijitabu kinatumia kupiga mbizi kwa mambo mawili yasiyofanana. Maana ya asili ya mbizi yajulikana pwani na bara: mtu huvuta pumzi, huibana, huzama, hufanya kazi yake, kisha huibuka. Wavuvi wa pweza hupiga mbizi hivyo. Vijana wa mtoni nao hupiga mbizi hivyo, na kanuni yao ya kwanza ni kubana pumzi mpaka uone jua. Lakini mtu anayezama na mtungi mgongoni, akivuta hewa kwa kifaa anachokiuma mdomoni, ana kanuni iliyo kinyume kabisa: asibane pumzi hata kidogo, hasa anapopanda.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Katika kina cha mita 10 mgandamizo juu ya mwili wa mtu ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Katika mita 20 ni mara tatu. Mpiga mbizi wa mtoni huingia na pumzi aliyoivuta juu. Mapafu yake hubanwa anaposhuka, na hurudia ukubwa wake wa awali anapoibuka. Hapati hasara. Mwenye mtungi huyajaza mapafu yake huko huko chini, kwa hewa yenye mgandamizo wa huko. Akiibana hewa hiyo katika mita 10 na kupanda nayo, itataka kutanuka mara mbili kabla hajafika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Yanaweza kupasuka.

Mfikirie basi kijana wa Kilombero, hodari wa mbizi tangu utotoni, anayeajiriwa kisiwani na kusomewa kwamba kazi yake ni kupiga mbizi. Ujuzi wake wote unamwambia abane pumzi. Kijitabu kinajaribu kumzuia kwa sentensi moja: usishike pumzi yako. Mzee wetu wa mtoni aliuliza pumzi hushikwa kwa mkono upi. Katika Kiswahili pumzi hubanwa au huzuiwa. Kushika pumzi ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Onyo kubwa kuliko yote katika kurasa zile liliandikwa kwa maneno ambayo msikilizaji wake anaweza kuyapita bila kuyasikia.

Twapendekeza kwa hiyo kwamba mbizi isiachwe peke yake katika maandishi ya kazi hii. Iwe mbizi ya pumzi na mbizi ya mtungi. Kuhusu mtu mwenyewe, kijitabu chasema mzamiaji. Neno hilo ni la zamani na halali, kwa maana ya mtu anayezama kutafuta kitu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na mtu mmoja akatolewa hai ndani yake siku mbili baadaye, taifa zima lilisikia habari za wazamiaji na wapiga mbizi, na hakuna aliyechanganyikiwa, kwa kuwa tukio lenyewe lilieleza maana. Lakini katika kanuni na fomu za serikali mzamiaji ana maana ya pili, ya mtu anayejificha melini ili aingie nchi ya watu. Ofisa wa bandari akisoma kwamba kila mzamiaji aandikishwe, atawaandikisha wepi? Katika maandishi ya sheria mpiga mbizi ni salama zaidi.

Kosa la pili la hatari ni mtungi wa oksijeni. Kijitabu kinalirudia kila ukurasa, na magazeti yetu nayo hulipenda. Mtungi wa kawaida wa mbizi hauna oksijeni tupu. Una hewa hii hii tuivutayo, ambayo oksijeni ni kama asilimia 21 tu, iliyoshindiliwa kwa mashine. Oksijeni tupu, ikivutwa kwa mgandamizo wa kina kinachozidi mita 6 hivi, huweza kugeuka sumu na kumtia mtu degedege huko chini. Kuna pia mitungi ya hewa iliyoongezwa oksijeni, nayo ina kina chake maalumu kisichopasa kupitwa. Tena mashua ya mbizi iliyo kamili hubeba oksijeni halisi ya huduma ya kwanza, kwa ajili ya mgonjwa aliyekwisha kutolewa majini. Ikiwa mitungi yote mashuani inaitwa ya oksijeni, siku ya dharura mtu atakapopiga kelele aletewe oksijeni, mfanyakazi atashika upi? Hapa neno moja lililokosewa linaweza kumnyima mgonjwa dawa yake, nayo iko hatua mbili kutoka alipolala.

Ugonjwa wenyewe unaohitaji oksijeni hiyo umeitwa katika kijitabu ugonjwa wa mipindo. Hili nalo ni jina la mitaani la Kiingereza lililochukuliwa lilivyo, lililotokana na jinsi wagonjwa wa zamani walivyojipinda kwa maumivu ya viungo. Wasikilizaji wetu walidhani ni ugonjwa wa mgongo wa wabeba mizigo. Jina zuri la ugonjwa wa kazi ni lile linaloonyesha chanzo chake. Mtu akikaa chini ya maji, naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta huyeyuka mwilini mwake. Akipanda polepole hutoka kwa pumzi. Akipanda kwa haraka hufanya mapovu ndani ya damu na viungo, sawa na chupa ya soda inayofunguliwa ghafla. Tulipotoa mfano wa soda hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Twapendekeza ugonjwa wa mapovu.

Ili kuuepuka ugonjwa huo, wapiga mbizi husimama kwa dakika 3 hivi katika kina cha mita 5 kabla ya kuibuka. Kijitabu kinaagiza kwamba mpiga mbizi aende kwenye kituo cha usalama. Mtu wa Mchombe alielewa kwamba kuna ofisi au kituo cha polisi cha majini, na hatuwezi kumlaumu. Kiswahili kina neno tuo, kutokana na kutua, nalo ni pale msafiri au mpagazi anapotua mzigo apumzike kabla ya kuendelea. Mpiga mbizi naye anatua mzigo wa naitrojeni. Tuo la mita 5 ni fupi, laweza kutamkwa mashuani kwa sauti moja, na halimpeleki mtu polisi.

Yabaki mambo mawili madogo. Kijitabu kinasema presha huongezeka kila mita 10. Kwa wasomaji wengi presha ni maradhi, na mzee wetu alishauri wenye presha wasiende. Ushauri wake ulikuwa mzuri, ila si hilo lililokusudiwa. Katika kitabu cha shule liandikwe kanieneo, kama wafanyavyo wanafizikia wetu. Katika maelekezo ya mashuani mgandamizo wa maji unatosha. Pia lile vazi linalojazwa na kupunguzwa hewa ili mpiga mbizi asizame wala asipande ovyo, limeitwa jaketi la kuokoa maisha. Jina hilo ni la vazi jingine, ambalo kazi yake ni kumweleza mtu juu ya maji bila yeye kufanya lolote. Hili lisipotiwa hewa halimwelezi mtu. Kizibao cha mbizi lingetosha.

Tunajua liko pingamizi. Husemwa kwamba wageni husoma lugha zao, na wakufunzi wa mbizi hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa nini basi tujisumbue? Tunajibu kwamba mashua haiendeshwi na mgeni. Nahodha, mjaza mitungi, na kijana anayeshika kamba huambiana kwa Kiswahili, na hasa wanapokuwa na hofu. Wala mbizi si jambo la watalii peke yao. Januari 2016 kivuko kilipinduka katika mto wetu wenyewe, Kilombero, miaka miwili kabla daraja halijafunguliwa rasmi. Mahali penye vivuko na mito, maneno ya mbizi ni mali ya umma kama yalivyo maneno ya zahanati.

Wala hatuandiki haya kama watu wa bara wanaowacheka watu wa pwani. Maradhi haya yako hata nyumbani kwetu. Katika mbuga za mafuriko za Kilombero anaishi swala ambaye wenyeji humwita sheshe. Bonde hili liliwahi kuwa na kundi lake kubwa kuliko mahali pengine popote, na sasa amepungua vibaya. Maandishi mengi yanayotujia juu ya kumhifadhi humwita puku, nasi tumeyasoma madarasani bila kuuliza. Watoto wetu wanafundishwa kumlinda mnyama wasiyemtambua, huku babu zao wanamjua kwa jina. Kama tunataka mfasiri wa kisiwani aandike potwe, nasi hatuna budi kuandika sheshe.

Kwa ufupi, twawasilisha mapendekezo yafuatayo mbele ya wafasiri, walimu na maofisa, ili yajadiliwe:

Papa nyangumi: potwe (kisawe: papa shilingi).
Kobe wa baharini: kasa, ng'amba kwa aina yake.
Kupiga mbizi, pasipo sifa: mbizi ya pumzi, mbizi ya mtungi.
Mzamiaji, katika sheria na fomu: mpiga mbizi.
Kushika pumzi: kubana pumzi.
Mtungi wa oksijeni: mtungi wa hewa. Jina la kwanza liachiwe mtungi wa huduma ya kwanza pekee.
Ugonjwa wa mipindo: ugonjwa wa mapovu.
Kituo cha usalama: tuo.
Presha ya maji: kanieneo, shuleni, mgandamizo wa maji, kazini.
Jaketi la kuokoa maisha, kwa vazi la mbizi: kizibao cha mbizi.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Wavuvi wa Mafia, Pemba na Tanga wanaweza kuwa na maneno bora kuliko haya, na tukiyapata tutayafuta yetu kwa furaha. Tunachosisitiza ni utaratibu: mfasiri amwulize kwanza mwenye bahari, kisha amsomee asiyeijua, ndipo apeleke kazi yake kwa mchapaji. Kijana wetu amekwisha kurudi kisiwani kwa msimu mwingine. Kabla hajaondoka tulikaa naye tukasahihisha nakala yake kwa kalamu, na pale palipoandikwa usishike pumzi yako tumeandika kwa herufi kubwa: USIBANE PUMZI. Lakini ni nakala moja tu iliyosahihishwa, na mashuani hayuko peke yake.